Stesheni ya Morogoro na Msafiri wa Turiani

Turiani, mji uliokaa chini ya milima ya Nguu katika wilaya ya Mvomero, haukupitiwa na Reli ya Kati tangu reli hiyo iingie nchini. Sukari ya Mtibwa na mpunga wa mabonde yake husafiri kwa malori, na wagonjwa wanaokuja katika hospitali ya Bwagala hufika kwa mabasi na pikipiki. Lakini mtu wa Turiani anapopata barua ya kazi Dodoma, au mwanawe anapochaguliwa kwenda shule ya Tabora, au ahali zake wa Kigoma wanapofikwa na msiba, fikira zake hukimbilia mahali pamoja, nako ni Morogoro, mwendo wa zaidi ya kilometa 100 kwa njia ya Magole na Dakawa, ambako garimoshi la kwanza lilifika mwezi wa Desemba 1907, na ambako leo treni ya umeme hufika kutoka Dar es Salaam kwa muda usiotimia saa mbili. Makala haya ni habari za stesheni hiyo, au niseme stesheni hizo mbili, ya kale na mpya; na nia yangu ni kuzieleza kwa jicho la mtu ambaye haishi karibu nazo, maana nasadiki kwamba stesheni kuu ni mali ya nchi yote iliyo nyuma yake, na kwamba wanaoihitaji zaidi ni wale ambao, kabla ya kuufikia mlango wake, wamekwisha kumaliza safari nyingine.

Hapana budi tuanze na sababu ya kuwako kwake, kwa kuwa wahandisi hawakuichagua Morogoro kwa bahati nasibu. Dahari kabla ya reli, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na nchi za maziwa ilikuwa ikipumzika chini ya milima ya Uluguru, kwa sababu hapo palikuwa na maji yasiyokauka na chakula cha kununua, na kwa sababu mbele yake ilikuwako mbuga ya Mkata, ambayo wakati wa masika hugeuka kinamasi cha kumzamisha mpagazi hadi magotini. Mahali hapo Kisabengo, mtawala aliyeogopwa na wengi katika zama zake, alijenga mji wenye kuta, na mwaka 1871 Henry Morton Stanley, alipokuwa njiani kumtafuta Livingstone, aliukuta mji huo katika mikono ya binti yake Kisabengo, akaustaajabia kwa ngome yake. Wajerumani walipotaka kuitoa reli pwani kuipeleka bara walihamisha mwanzo wa njia tu, ukawa Dar es Salaam badala ya Bagamoyo, jambo ambalo liliifilisi Bagamoyo. Lakini kuanzia Morogoro kwenda machweo walifuata, kwa sehemu kubwa, unyayo wa wapagazi, nao wapagazi walikuwa wamekwisha kuipima nchi kwa miguu yao vizuri kuliko chombo chochote cha mpimaji.

Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule ambao Vita vya Maji Maji viliwaka kusini mwa nchi, ikashikwa na kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt, ikatendwa kwa mikono ya maelfu ya vibarua Waafrika waliochimba tuta, waliobeba mataruma na waliolaza vyuma juani, ambao wengi wao hawajulikani hata kwa majina. Dodoma ilifikiwa mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwezi wa Februari 1914, miezi michache tu kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Ni muhimu kukumbuka kwamba kabla reli haijasonga mbele, Morogoro kwa kitambo ilikuwa ndiyo mwisho wake: shehena iliyofika kutoka pwani kwa mvuke ilishushwa hapo na kutwikwa juu ya vichwa vya wapagazi, na pembe, nta na ngozi zilizoletwa na vichwa vya wapagazi zilipakiwa hapo katika mabehewa. Sifa hiyo ya kuwa mahali ambapo msafiri hubadili chombo haikuuacha mji tena. Hata leo, pale Msamvu, barabara ya Iringa na barabara ya Dodoma huachana, na mtu anayetoka kusini kwenda kaskazini, au anayetoka pwani kwenda maziwani, aghalabu hupumua Morogoro kabla ya kuendelea.

Wasomaji wengi wamepanda treni lakini wachache wamepata kuelezwa stesheni hufanya kazi gani, zaidi ya kuwapa watu mahali pa kusubiri. Injini za mvuke zilikuwa na kiu isiyoisha. Zilihitaji maji na kuni au makaa kila baada ya masafa si marefu, ndipo ukaona kwamba kutoka pwani majina yanafuatana kwa karibu, Pugu, Soga, Ruvu, Kidugalo, Ngerengere, Mikese, na kila jina lilikuwa na tangi lake au kisima chake. Morogoro, yenye vijito vinavyoteremka Uluguru mwaka mzima, ilikuwa neema kwa waendeshaji hao, na ndiyo sababu mojawapo ya kufanywa kituo kikubwa, chenye njia nyingi za pembeni na, baadaye, karakana ya kutengenezea vichwa vya treni vya dizeli.

Jambo la pili ni zito zaidi. Reli ya Kati ni njia moja, yenye upana wa mita moja baina ya chuma na chuma, na treni mbili zinazoelekeana haziwezi kupishana isipokuwa penye stesheni, ambapo njia hugawanyika, moja ikaingia pembeni na kungoja nyingine ipite. Kwa hiyo usalama wa mamia ya watu waliolala ndani ya mabehewa ulikuwa mikononi mwa mabwana stesheni wawili waliokuwa mbali mbali, kila mmoja katika chumba chake, wakiulizana kwa waya kama njia iliyo kati yao ni tupu. Na dereva hakuwa na ruhusa ya kuondoka, hata kama abiria wote wamekwisha kukaa na saa imekwisha kupita, ila baada ya kukabidhiwa mkononi kibali cha kuingia katika kipande hicho cha reli. Abiria aliyenung'unika kwamba treni imesimama Mikese kwa muda mrefu pasipo sababu alikuwa, bila ya kujua, akinung'unikia sababu iliyomfikisha salama. Reli mpya nayo kwa sehemu kubwa ni njia moja, lakini kazi ile ya kuzipisha treni sasa hufanywa kwa mitambo ya mawasiliano, na wasimamizi huziona zote kwa pamoja katika chumba cha uongozaji. Naistahi elimu hiyo mpya. Lakini nawaheshimu pia wale wazee waliokesha kwa taa ya mafuta na bendera mbili, ya kijani na nyekundu, wakiubeba usiku mzima uzito ambao leo umegawiwa mashine.

Uhusiano wa Turiani na stesheni hii umeandikwa pia kwa damu, na ni ajabu kwamba habari zake hazisimuliwi sana kwetu. Mwezi wa Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts, yaliyotoka upande wa Kilimanjaro na kupita Handeni, yaliingia katika milima ya Nguu kwa shabaha moja, nayo ni kuikamata Reli ya Kati. Yakapita Mhonda, ambako misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilikuwako tangu mwaka 1877, yakashuka Turiani, yakapigana kuuvuka mto Wami hapo Dakawa, na tarehe 26 Agosti yakaingia Morogoro. Askari wa Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa wamekwisha kuondoka kuelekea kusini, nao walipoondoka walivunja madaraja ya reli ili adui asinufaike nayo kwa haraka. Njia ile ile ambayo leo basi huipita kwa asubuhi moja, kutoka kwenye mashamba ya miwa hadi mjini, ilipitwa wakati huo na wapagazi wa majeshi yote mawili, waliokufa kwa maradhi na njaa kwa idadi iliyoishinda idadi ya waliouawa kwa risasi; na yote hayo kwa ajili ya vyuma viwili vilivyolazwa juu ya mataruma. Anayetaka kujua reli ilikuwa na thamani gani machoni pa wenye enzi, na atazame gharama hiyo.

Miaka iliyofuata tunaweza kuipita kwa haraka. Waingereza walitengeneza madaraja, wakaongeza tawi la Tabora hadi Mwanza lililokamilika mwaka 1928, na mwaka 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa na za Kenya na Uganda kuwa shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1963 ilifunguliwa reli ya kutoka Ruvu hadi Mnyusi, iliyoiunganisha Reli ya Kati na ile ya Tanga, na ambayo ilipita mashariki, mbali na milima yetu. Ndipo hali ya Turiani ya kuitegemea stesheni ya Morogoro ilipothibiti. Mwaka 1977, jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, likazaliwa Shirika la Reli Tanzania, ambalo kwa herufi zake tatu, TRC, linajulikana kwa kila mtoto aliyekulia kando ya njia.

Katika miongo hiyo ya katikati stesheni ya kale ilikuwa katika ubora wake. Jengo la Wajerumani liko karibu na mji, kiasi kwamba mtu aliyeshuka treni aliweza kwenda kwa miguu hadi sokoni, bomani, au katika nyumba ya mwenyeji wake. Na mtu aliyesimama ukumbini, akiupa mgongo uwanda wa kaskazini, aliiona Uluguru yote imesimama mbele yake. Treni ya bara iliondoka Dar es Salaam jioni, ikafika Morogoro usiku, na kwa hiyo maisha ya stesheni yalikuwa maisha ya usiku. Watu wa Turiani, Mvomero na Dumila, ambao mabasi yao yaliwafikisha mjini mchana, walikuwa na saa nyingi za kungoja, nao walizingoja pale pale, juu ya mabenchi, juu ya magunia ya mchele na mikungu ya ndizi, juu ya mikeka waliyokuja nayo, wakiwa wamewalaza watoto katikati yao. Mama lishe waliuza chai, maandazi na wali. Wachukuzi walijua kwa kuuangalia mzigo tu kama mwenyewe anakwenda Kilosa au anakwenda Kigoma. Na ilipotokea taa ya treni upande wa Kingolwira watu wote waliinuka kwa pamoja, maana mabehewa ya daraja la tatu hayakuwa na namba ya kumhakikishia mtu mahali pake, na asiyeingia kwa mlango aliingizwa kwa dirisha.

Ilikuwa ni taabu, wala sitaki mtu yeyote aitamani taabu hiyo kwa kuwa imepita. Ila ndani ya taabu hiyo yalipatikana mambo ambayo msafiri wa nchi yetu hakuyapata kwingine. Mwanafunzi aliyepewa waranti ya serikali aende shule ya mbali, na ambaye pengine hakuwahi kuvuka mto Wami, alikutana katika behewa moja na Msukuma anayerudi kutoka mashamba ya mkonge, na Mmanyema mwenye duka, na askari anayehamishwa na mkewe na kuku wake. Wakala pamoja, wakalala wakiegemeana, na kwa siku mbili lugha iliyowatosha wote ilikuwa Kiswahili. Watu huzungumza juu ya redio na magazeti yalivyoieneza lugha hii bara, nami siwapingi. Lakini naona daraja la tatu la Reli ya Kati halijapewa haki yake katika hesabu hiyo. Kila kituo kilikuwa na bidhaa yake iliyosifika dirishani: Saranda kwa kuku wake, Tabora kwa asali, Kigoma kwa dagaa na mawese, na Morogoro kwa matunda na mboga zilizoshuka Mgeta na vijiji vingine vya Uluguru. Mji huu ambao nchi nzima iliujua kwa muziki wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na wa Morogoro Jazz ulijulikana pia, kwa wale wasioushuka, kwa ndizi na machungwa yaliyopokelewa dirishani usiku wa manane.

Kushuka kwa hadhi yake hakukuja kwa siku moja. Barabara za lami ziliwapa watu mabasi yaliyoondoka kila saa. Vichwa na mabehewa yalichakaa. Na kipande cha reli baina ya Kilosa na Gulwe, kinachofuata bonde la mto Mkondoa, kiliendelea kuzolewa na mafuriko, ambayo makali yake yalionekana mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, maji yalipobomoa tuta na kukata safari za bara kwa miezi. Mwaka 2007 serikali ilikuwa imeikabidhi reli kwa ubia na kampuni ya RITES ya India, ubia ambao haukudumu hata miaka mitano. Na shirika la TRC likaundwa upya kwa sheria ya mwaka 2017. Msafiri wa Turiani, ambaye hakuwa na habari za mikataba, aliona matokeo tu: alifika Morogoro akaambiwa treni haipo, naye akarudi Msamvu kutafuta basi.

Ndipo ikaja reli mpya. Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi tarehe 12 Aprili 2017, na kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kilijengwa na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki kwa kushirikiana na Mota-Engil ya Ureno. Upana wake ni milimita 1,435, nguvu yake ni umeme, na mwendo wake wa juu kwa treni ya abiria ni kilometa 160 kwa saa. Safari za Morogoro zilianza tarehe 14 Juni 2024, za Dodoma tarehe 25 Julai, na tarehe 1 Agosti Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua rasmi, na stesheni kubwa zikapewa majina ya viongozi wa nchi, ya Dar es Salaam ikaitwa Magufuli na ya Morogoro ikaitwa Jakaya Kikwete. Nauli ya kuanzia ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam ilikuwa Sh 13,000 hadi Morogoro na Sh 31,000 hadi Dodoma; na tangu Novemba mwaka huo ikaongezwa ile treni yenye kichwa chembamba mbele, ambayo wananchi, kwa kuitazama tu, waliipa jina la mchongoko.

Stesheni hii mpya iko upande wa Kihonda, nje ya mji wa kale, na kwa yule ambaye hajapata kuitumia inafaa aelezwe utaratibu wake, kwa sababu haufanani na ule wa zamani hata kidogo. Tiketi hukatwa kabla, kwa simu au dirishani, nayo huwa na jina la msafiri na namba ya kiti, kwa hiyo hapana haja ya kukimbilia mlango wala dirisha. Lakini ni lazima uwe na kitambulisho chako. Mizigo hupitishwa katika mashine ya ukaguzi, nawe mwenyewe hupita katika lango la kukaguliwa, kama ilivyo katika uwanja wa ndege. Baada ya hapo hungoja ukumbini hadi treni yako itangazwe, na kushuka jukwaani huruhusiwa wakati huo tu. Na treni haimngoji mtu: saa iliyoandikwa ndiyo saa yenyewe, na anayefika dakika chache baada ya milango kufungwa huiona ikiondoka. Wazee wetu, waliozoea kwamba garimoshi la saa tatu laweza kufika saa saba, wanastahili kuelezwa jambo hili kwa upole na wajukuu zao kabla ya siku ya safari, si siku yenyewe.

Mimi ni miongoni mwa waliofurahi kwa moyo wote kuiona reli hii, na sioni aibu kusema hivyo. Mtu aliyekwenda Muhimbili kutibiwa na kurudi Morogoro siku hiyo hiyo, bila ya kulala njiani na bila ya kuuomba mwili uliochoka uvumilie matuta ya barabara, amepata ihsani kubwa kutoka kwa nchi yake. Lakini maadamu nimesema stesheni ni mali pia ya wale wanaotoka mbali, ni wajibu wangu kueleza yanayomkuta mtu huyo nje ya milango ile ya kioo. Gari litokalo Turiani humshusha Msamvu, kwenye stendi kuu. Hapo hutafuta bodaboda, bajaji au daladala ya kumpeleka Kihonda, na kama ana gunia la mchele na watoto wawili, kipande hicho kifupi humlia fedha isiyolingana kamwe na masafa yake. Anaporudi kutoka Dar es Salaam kwa treni ya jioni hali huwa nzito zaidi: magari ya Turiani yamekwisha kuondoka, na yeye, aliyetoka Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili, analazimika kutafuta mahali pa kulala hadi alfajiri. Saa alizookolewa na umeme zinachukuliwa zote na usiku wa Msamvu.

Hilo si la Morogoro peke yake, kwani reli mpya zinahitaji uwanja mpana na kona pana, na viwanja hivyo havipatikani katikati ya miji ya zamani. Nairobi, reli yao ilipofunguliwa mwaka 2017, stesheni yao kuu ilikuwa Syokimau, nje kabisa ya jiji, na Mombasa ikawa Miritini; lakini Nairobi waliiweka treni ya kuwaunganisha abiria wa Syokimau na stesheni ya kale iliyo katikati ya mji, hivyo stesheni zote mbili zikawa na kazi. Uswisi, nchi ya milima kuliko hii yetu, walikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 1982 ratiba zao za reli zimepangwa nchi nzima kwa mpango mmoja wa kujirudia kila saa, na mabasi ya posta, yale ya rangi ya njano yanayopanda vijijini, yameshikamana na ratiba hiyo, kiasi kwamba mwanakijiji akishuka treni hukuta basi lake liko mbele ya stesheni. Kilichotangulia huko ni makubaliano, na makubaliano hayahitaji mkopo wa benki yoyote.

Barabara ya Magole hadi Turiani, takriban kilometa 48, ambayo zamani wakati wa masika ilikuwa ikimfanya msafiri alale njiani, sasa ina lami. Kwa hiyo kizuizi cha ardhi kimekwisha kuondolewa, na kilichobaki ni cha saa na ratiba. Basi moja linaloondoka Turiani alfajiri na kufika Kihonda kabla ya treni ya asubuhi, na jingine linalongoja treni ya jioni ndipo liondoke, yangebadili maana ya reli hii kwa wilaya nzima ya Mvomero. Na wenye mabasi, ambao ni watu wa biashara na wana haki ya kuuliza faida, wangeipata kwa urahisi endapo wangejua kila siku, kabla ya treni haijafika, ni watu wangapi wanashuka Morogoro, jambo ambalo kwa tiketi za siku hizi zinazouzwa kwa mtandao linaweza kujulikana kabla treni haijapita Ngerengere.

Na stesheni ya kale isiachwe ikafa. Reli ya mita ingali na kazi yake ya mizigo, na jengo lile, ambalo limeona utawala wa Wajerumani, wa Waingereza na uhuru wetu wenyewe, lina umri unaozidi karne moja na liko mahali ambapo kila mtu wa mjini anapafikia kwa miguu. Sehemu yake ingefaa kuwa mahali pa kukatia tiketi na kupandia daladala za Kihonda, ili mtu wa Mgeta au wa Mji Mpya asilazimike kwanza kwenda Msamvu; na chumba kimoja kingetosha kuhifadhi taa, bendera, vitabu vya zamu na picha za wale waliofanya kazi hapo, kabla ya wazee walionazo majumbani hawajatutoka. Jambo hilo ni la mji na la shirika kwa pamoja.

Kuhusu mabasi, wanaopaswa kukaa meza moja wanajulikana, nao hawazidi wanne: TRC, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu inayotoa leseni na kupanga nauli, halmashauri ya Mvomero, na wenye magari ya Turiani. Mavuno ya mpunga yakianza, wafanya biashara wa Dakawa na Turiani hujaa Morogoro wakienda na kurudi Dar es Salaam, na wakati huo ndio wa kulijaribu basi la kwanza, kwa kuwa viti vyake havitakosa watu.